Usitoke Nje ya Dirisha: Namna ya Kununua na Kuuza katika Old School RuneScape Bila Kulizwa

Mwaka 2022 niliuza silaha moja katika mchezo wa Old School RuneScape kwa mapatano ya sarafu 12,000,000, nikaondoka na 1,200,000. Hakuna aliyeiba nywila yangu wala aliyeingilia akaunti yangu. Nilibonyeza kitufe cha kukubali kwa kidole changu mwenyewe, tena mara mbili, mithili ya mtu anayetia sahihi hati ya kiwanja bila kuisoma. Kinachoniuma hadi leo ni sababu iliyonifanya nisiipeleke silaha hiyo sokoni: nilikuwa nakwepa kodi ya asilimia 1, yaani sarafu 120,000. Nilikimbia 120,000 nikapoteza 10,800,000.

Kwa mgeni wa mchezo huu, RuneScape ilianza Januari 2001 chini ya kampuni ya Jagex ya Cambridge, Uingereza. Toleo la Old School lilifunguliwa Februari 2013 kutokana na nakala iliyohifadhiwa ya mchezo ulivyokuwa Agosti 2007, na tangu Oktoba 2018 linachezeka kwenye simu, jambo lililowafungulia mlango wachezaji wengi wa kwetu wasiokuwa na kompyuta. Ni mchezo wa kazi nyingi na ndefu: kukata miti, kuvua samaki, kuchimba madini, kupigana na majoka. Mali inayopatikana humo imegharimu saa za mtu, na ndiyo maana wapo wanaoitaka bila kutoa saa zao.

Mifumo ya kubadilishana mali ndani ya mchezo huu imejengwa vizuri kuliko wengi wanavyodhani, na mtapeli wa kawaida hana namna ya kuivunja. Kazi yake yote, kwa hiyo, ni kukutoa nje yake: akutoe sokoni akulete kwenye dirisha la watu wawili wanaobadilishana mali ana kwa ana, akutoe dirishani akulete kwenye ahadi, kisha akutoe kwenye ahadi akupeleke nje ya mchezo wenyewe, kwenye kiungo, kwenye WhatsApp, kwenye namba ya simu. Kila anapokusogeza unavua kinga moja. Nitazieleza hatua hizo kwa mpangilio huohuo, kwa kuwa kinga ya kwanza ni kuitambua hatua uliyopo.

Anzia sokoni

Grand Exchange, ambalo wachezaji hulifupisha kuwa GE, liko kaskazini-magharibi mwa mji wa Varrock. Katika nakala ya Agosti 2007 soko hilo halikuwamo, na lilipoletwa katika Old School mwaka 2015 lilikomesha desturi ya kusimama mbele ya benki na kunadi bei kwa kelele kama makondakta wa daladala wanaogombea abiria. Utaratibu wake ni mwepesi. Unataja kitu, idadi na bei, kisha mfumo unamtafuta mtu wa upande wa pili ambaye humuoni, humjui jina wala huzungumzi naye. Ukimya huo ndio ulinzi wenyewe, maana asiyeweza kukusemesha hana pa kuanzia kukulaghai. Mchezaji anayelipia uanachama ana nafasi 8 za kuweka oda kwa wakati mmoja, na asiyelipia ana 3.

Jifunze kwanza jinsi bei inavyokutana. Ukiweka oda ya kununua kwa sarafu 1,000 ilhali kuna mtu aliyetangulia kuweka kitu hichohicho kwa 800, utalipa 800 na zile 200 zitarudishwa kwako. Mauzo yanafuata mantiki hiyohiyo: ukiweka kuuza kwa bei ya chini kuliko anayotoa mnunuzi aliyetangulia, unapokea bei yake. Kwa hiyo kuweka bei ya juu kidogo ili upate haraka hakukuumizi katika bidhaa zinazouzwa kwa maelfu kila saa. Kunakuumiza katika bidhaa adimu, ambako pengine muuzaji aliyepo ni mmoja tu, naye amekaa palepale kwenye bei yako akikusubiri.

Bei elekezi inayoonyeshwa na soko lenyewe husogea polepole na inaweza kuwa nyuma ya hali halisi. Kabla ya kununua au kuuza kitu cha thamani, fungua ukurasa wa bei wa OSRS Wiki (OSRS ni kifupi cha Old School RuneScape), unaoonyesha bei ambazo watu wamenunulia na kuuzia muda mfupi uliopita. Kama huuamini hata huo, fanya jaribio la kipande kimoja: nunua kimoja kwa bei ya juu, kiuze kwa bei ya chini, na utakuwa umeziona ncha zote mbili za soko. Tuseme ulikinunua kipande kwa 10,400 na ukakiuza kwa 10,050. Pengo ni 350. Anayetaka kuchuuza atanunua kwa 10,050 na kuuza kwa 10,400, lakini asiitie mfukoni ile 350 yote, kwa sababu kodi ya asilimia 2 inakatwa kwa muuzaji, nayo hapa ni 208. Faida halisi ni 142. Nimewaona wachuuzi wakifanya kazi ya usiku mzima kwa hasara kwa kuisahau hesabu hiyo. Kodi ilianza Desemba 2021 kwa asilimia 1, ikapandishwa hadi asilimia 2 Mei 2025, haizidi sarafu 5,000,000 kwa kitu kimoja, na haivigusi vitu vinavyouzwa chini ya sarafu 50.

Jambo la mwisho kuhusu soko ni kikomo cha ununuzi. Kila bidhaa ina idadi ambayo mchezaji mmoja anaweza kununua katika muda wa saa 4. Mjeledi uitwao Abyssal whip, kwa mfano, ni 70. Kikomo hicho kimewekwa kuwazuia wenye fedha wasizoe bidhaa yote kwa mkupuo. Likumbuke neno hili, kwa sababu utalisikia kinywani mwa mtapeli.

Mnunuzi mkarimu na muuzaji aliyejificha

Utapeli wa soko ninaouheshimu zaidi, kama neno hilo linafaa, ni huu. Umesimama Varrock, na mtu mmoja anaandika tena na tena, kwa maandishi ya rangi yanayocheza juu ya kichwa chake, kwamba anatafuta kitu fulani ambacho hujawahi kukisikia, naye atalipa 5,000 kwa kila kimoja, idadi yoyote. Unafungua soko kwa udadisi. Bei elekezi ni 900, lakini ukijaribu kununua kwa 900 hupati, wala kwa 1,500 hupati. Ukifika 3,000, oda inajaa mara moja. Moyo unaruka. Unanunua 200 kwa sarafu 600,000, ukijua kuwa ng'ambo ya uwanja kuna mtu wa kukulipa 1,000,000. Unapogeuka, ameondoka. Aliyekuuzia kwa 3,000 alikuwa ni yeye kwa akaunti nyingine, au mwenzake, na vitu hivyo walivikusanya taratibu kwa 900 siku kadhaa kabla. Wewe umebaki na shehena ambayo hakuna anayeihitaji.

Mtu yeyote makini atamuuliza mnunuzi huyo kwa nini haendi mwenyewe kununua kwa 3,000. Jibu lake limekwishaandaliwa: kikomo chake cha saa 4 kimekwisha. Angalia ustadi uliomo. Kikomo kipo kweli, saa 4 ni za kweli, na anayejua mchezo ndiye anayeliamini jibu hilo haraka kuliko asiyeujua. Wala usijitulize kwa kumjaribu na kipande kimoja au viwili, kwa kuwa atavinunua kwa furaha kwa 5,000 taslimu. Hicho ndicho chambo. Kinga ninayoifuata mimi ni kwamba kama kitu tayari ninacho ghalani, nitamuuzia, tena kwa shukrani. Lakini sinunui kitu sokoni kwa bei iliyozidi ya kawaida kwa ajili ya kumuuzia mtu aliyesimama karibu yangu. Wenyeji wa mijini wataitambua sura ya mchezo huu, ule wa mteja anayetafuta dawa adimu kwa bei ya ajabu na muuza dawa ambaye, kwa bahati njema, yupo mtaa wa pili.

Makundi ya kupandisha bei ni ndugu wa utapeli huo. Kiongozi anawakusanya wanachama kwenye Discord, mtandao wa mazungumzo ya wachezaji, anawaahidi kuwatajia bidhaa itakayopanda, na anapoitaja yeye alishainunua. Wanachama wanakimbilia kuinunua, bei inapanda kweli, na anayewauzia ni kiongozi. Wa daraja la juu hutajiwa mapema, na daraja hilo hulipiwa. Ukikaribishwa katika kundi la namna hiyo, jiulize tu wewe ni wa ngapi kutajiwa.

Dirisha la watu wawili

Zipo sababu halali za kuuziana ana kwa ana. Unaweza kuwa unamkopesha rafiki, au kitu chenyewe kina thamani iliyozidi sarafu 2,147,483,647, ambacho ndicho kiasi kikubwa kabisa cha sarafu kinachoweza kukaa katika fungu moja na ambacho soko haliwezi kukivuka. Kukwepa kodi kumo pia, ingawa sasa unajua maoni yangu. Unabonyeza kwa kitufe cha kulia juu ya mchezaji, au kwa simu unashikilia kidole juu yake, unachagua kufanya naye biashara, na dirisha la kwanza linafunguka: mali yako upande mmoja, yake upande wa pili.

Dirisha hili la kwanza linabadilika. Kila mmoja anaweza kuongeza au kutoa kitu, na mmoja akitoa kitu, alama nyekundu ya mshangao humweka inayoonyesha mahali kilipokuwa, na kukubali kwa aliyekwisha kukubali kunafutika. Ukiiona alama hiyo, acha kila unachofanya uhesabu upya. Mtapeli anayetumia njia hii hujitahidi kukujaza maneno kwa wakati huohuo: anakuharakisha, anakuuliza umecheza miaka mingapi, analalamika kwamba mama anamwita. Maneno mengi wakati wa kuhesabu ni dalili tosha.

Sasa rangi, ambazo ndizo zilizonimaliza. Fungu la sarafu lisilofika 100,000 huandikwa kwa manjano na tarakimu zake zote. Kuanzia 100,000 namba hugeuka nyeupe na kufupishwa kwa herufi K, na kuanzia 10,000,000 hugeuka kijani na kufupishwa kwa herufi M. Mnunuzi wangu aliweka kwanza 12M, kijani kibichi, nikaridhika. Kisha akafunga dirisha, akaomba radhi kwamba alibonyeza vibaya, akafungua tena. Mara ya pili aliweka 1200K, nyeupe. Kwenye kioo cha simu, katika kisanduku kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, macho yaliona moja na mbili, na akili ikamalizia yenyewe kwa sababu ilikwishaona kijani dakika moja kabla. Yeye hakutegemea ujinga wangu. Alitegemea kumbukumbu yangu. Tangu siku hiyo, dirisha likifungwa na kufunguliwa upya, naichukulia ni biashara mpya na mtu nisiyemjua, na naanza kuhesabu tangu mwanzo.

Mkishakubaliana wote hufuata dirisha la pili, nalo halibadiliki. Limeandikwa kwa maneno, si kwa picha: jina la kila kitu, idadi yake, na kwa sarafu kiasi kamili pamoja na sufuri zote, na chini yake onyo kwamba biashara ikishafanyika hairudishwi. Hapo ndipo palipokuwa pameandikwa 1,200,000, na hapo ndipo nilipobonyeza bila kusoma. Jizoeze kuisoma hiyo orodha kwa sauti, hata kama waliopo chumbani watakushangaa. Soma jina lote la kitu, kwa kuwa picha zinafanana kwa vitu visivyofanana thamani. Mkufu wa Amulet of glory, kwa mfano, hufuatwa na tarakimu ya nguvu zilizobaki ndani yake, na mkufu mtupu hauna tarakimu. Soma pia jina la mchezaji, herufi kwa herufi, endapo unadhani ni rafiki yako, maana wapo wanaojisajili kwa jina linalotofautiana na la rafiki yako kwa herufi moja tu.

Biashara kubwa kuliko fungu moja la sarafu hulipwa kwa vipande viitwavyo platinum token, na kila kimoja ni sarafu 1,000. Kitu cha sarafu bilioni 3 ni vipande 3,000,000, na vitaonekana kama 3000K kwa nyeupe. Ukizoea kuona kijani kwenye biashara kubwa, nyeupe hiyo itakuchanganya, na 300K inafanana nayo mno. Piga hesabu kwenye karatasi kabla ya kukutana na mtu, uiweke namba mbele yako, na ulinganishe na dirisha la pili tarakimu kwa tarakimu.

Ahadi

Likishafungwa dirisha, kilichobaki ni neno la mtu. Maarufu kuliko wote ni yule anayedai kuwa anaongeza fedha maradufu: mpe 10,000 akurudishie 20,000. Atarudisha. Mpe 100,000, atarudisha 200,000. Karibu yake wamesimama wenzake wakimshukuru kwa sauti. Anachofanya ni kukununulia imani kwa bei ndogo, na siku ukimpa kiasi kinachozidi jumla ya alizokwisha kukulipa, hesabu yake inafungwa. Hakuna mbinu ya kumshinda kwa kuchukua zile ndogo na kukimbia. Wengi hujiona wajanja kwa namna hiyo, na wao ndio chakula chake.

Wengine wanataka uwape kitu kwanza ili wakiongezee nguvu au wakipambe. Wengine wanakwambia udondoshe kitu chini kisha ubonyeze Alt na F4 ili kizaliane, wakati vitufe hivyo vinafunga tu programu yako na kuwaachia kitu chako chini. Utapeli huo ni mkongwe na unachekesha, lakini kila mwaka huja wachezaji wapya. Wa kale vilevile ni yule anayesema kwamba Jagex huificha nywila ya mtu anapoiandika kwenye mazungumzo, anaandika nyota nane kama uthibitisho, kisha anakuomba ujaribu yako.

Chambo cha nyikani kinahitaji maneno machache zaidi. Kaskazini mwa Edgeville na Varrock kuna mtaro, na ng'ambo yake ni Wilderness, ambako mchezaji anaruhusiwa kumuua mwenzake na kuchukua mali yake. Kwa kawaida anayekufa huko hubaki na vitu 3 vya thamani kubwa, lakini aliyewashambulia wengine kwanza huwekewa alama ya fuvu na anaweza kupoteza vyote. Ukipita kiwango cha 20 cha eneo hilo, njia za kawaida za kujihamisha hazifanyi kazi tena. Kwa hiyo mtu akikualika kwenye hazina, kwenye harusi ya wahusika au kwenye vita ya mzaha, uliza mahali. Akitaja upande wa mtaro, nenda ukiwa umevaa vitu ambavyo hutavililia. Katika mipangilio kuna swichi ya kukuzuia usipate fuvu kwa bahati mbaya, na ni vema iwe imewashwa wakati wote.

Hapa kuna jambo la kulizingatia kwa wanaohama mchezo mmoja kwenda mwingine. Katika RuneScape kulaghai mali ni kosa linaloripotiwa. Katika EVE Online ya kampuni ya CCP ya Iceland, utapeli mwingi wa sokoni ni sehemu ya mchezo, na kituo cha biashara cha Jita ni mahali ambapo matangazo ya kitapeli hutiririka mchana na usiku bila yeyote kuadhibiwa. Mwaka 2009, mkuu wa benki iliyoendeshwa na wachezaji wa EVE, EBANK, alichota takriban bilioni 200 za ISK, fedha ya mchezo huo, za wenzake na kuziuza kwa fedha halisi. Alifungiwa, lakini kosa lililomfungisha ni kuuza kwa fedha halisi. Wizi wenyewe haukuvunja kanuni. Soma kanuni za mchezo wako kabla ya kudhani kwamba yupo refa.

Nje ya mchezo

Hatua ya mwisho ndiyo ghali kuliko zote, kwa sababu hapo haibwi kitu kimoja, huibwa akaunti. Utaona matangazo ya moja kwa moja ya video yenye sura ya mchezaji mashuhuri, yakidai kwamba anaacha mchezo na anagawa mali yake yote, au kwamba wikendi hii alama za uzoefu zinapatikana maradufu, na chini yake kuna kiungo cha kuingia. Video ni ya zamani, imerudiwa na watu wengine, na kiungo kinakupeleka kwenye ukurasa unaofanana na wa Jagex kwa kila kitu isipokuwa anwani. Usiingie katika akaunti yako kupitia kiungo ulichotumiwa na mtu yeyote, awe rafiki au barua pepe inayodai umefungiwa. Andika anwani mwenyewe. Ukipakua programu ya RuneLite, ambayo wachezaji wengi huitumia, ipakue kutoka kwenye tovuti yake rasmi na si kutoka kwenye tangazo lililo juu ya matokeo ya utafutaji, kwani nakala za uongo zimewahi kusambazwa kwa njia hiyo.

Washa uthibitisho wa hatua mbili, kisha uweke namba ya siri ya benki ya mchezo, yenye tarakimu nne. Hiyo ya pili watu huidharau, ilhali ndiyo inayokupa muda: anayetaka kuifuta bila kuijua atasubiri siku 3 au 7, kadiri ulivyochagua, na katika siku hizo una nafasi ya kuirudisha akaunti mikononi mwako. Chagua 7.

Kwa wachezaji wa Afrika Mashariki, hatari hasa ipo kwenye malipo. Jagex huuza kitu kiitwacho bond, ambacho ukikinunua kwa fedha halisi unaweza kukitumia kupata siku 14 za uanachama au kukiuza sokoni kwa sarafu za mchezo, na hiyo ndiyo njia pekee halali ya kugeuza fedha kuwa sarafu. Asiyekuwa na kadi ya benki hujikuta kwenye kundi la WhatsApp, akimtafuta mwenye kadi wa kumtumia M-Pesa ili ampe sarafu au bond. Kwanza, biashara hiyo ni kosa na inaweza kukufungia akaunti. Pili, hakuna dirisha linalofungua M-Pesa upande mmoja na sarafu upande wa pili, kwa hiyo mmoja wenu lazima atangulie, na anayetangulia ndiye anayelizwa. Muuzaji wa sarafu hutumiwa ujumbe wa kughushi wenye muundo wote wa ujumbe wa malipo, isipokuwa umetoka kwenye namba ya kawaida na salio halijasogea. Mnunuzi naye hutuma fedha, kisha anaambiwa kwamba namba ile ina matatizo, atume kwenye namba hii. Sote tumeshatumiwa ujumbe huo na watu tusiowajua. Haupati heshima mpya kwa kuwa mtumaji ana picha ya joka kwenye wasifu wake. Kama huna kadi, kusanya sarafu kwa kucheza na ununue bond sokoni kwa sarafu hizo. Ni kazi ya siku nyingi kwa anayeanza, lakini hakuna mtu wa kumtangulia.

Makatazo ya kuuza sarafu kwa fedha halisi yana historia nzito. Mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008, Jagex walifikia hatua ya kuondoa biashara huru baina ya wachezaji na mapigano ya Wilderness kwa sababu ya wafanyabiashara hao, na mambo hayo hayakurudi hadi Februari 2011, baada ya kura ambayo wachezaji wengi mno waliyaunga mkono. Upande wa pili wa historia hiyo ni Venezuela, ambako uchumi ulipoanguka, watu waliua majoka ya kijani kwa saa nyingi kila siku wakauza sarafu ili wapate chakula. Siwahukumu. Ila unaponunua sarafu nje ya mchezo, huna njia ya kujua kama zimechumwa na mtu wa namna hiyo au zimetoka kwenye akaunti ya mtu aliyelizwa jana.

Ukishalizwa

Fungua menyu ya jina la aliyekulaghai, mripoti kwa kosa la utapeli wa mali, na ufanye hivyo papo hapo, mazungumzo yakiwa bado mapya. Usimfuate kumtukana, kwa sababu matusi nayo ni kosa na anaweza kukuripoti wewe. Kama uliandika nywila mahali popote nje ya mchezo, badilisha kwanza ya barua pepe, halafu ya akaunti. Mali haitarudi: Jagex hawarudishi vitu vilivyopotea kwa utapeli, na dirisha la pili lilikwishakuonya.

Kwa hiyo yeyote atakayekuja kukuambia kwamba anaweza kukurudishia, kwamba ana rafiki ndani ya Jagex, na kwamba kuna ada ndogo ya kutanguliza, unajua amekupatia wapi. Mimi alinijia saa mbili baada ya ile biashara yangu, kwa jina jipya na lugha ya upole kabisa. Ada aliyoitaka ilikuwa sarafu 1,200,000.